Fundi Narudi na Kipindi cha Kwanza

Hakuna mtu mtaani pale aliyejua kufungua mlango kama yeye, na hakuna aliyeshindwa kuuacha mlango kama yeye.

Kazi yake ilikuwa vitasa na kufuli. Ukivunja ufunguo tunduni, unamwita yeye. Ukijifungia nje na huku sufuria inaungua jikoni, unamwita yeye, naye anakuja na kimkoba chake cha ngozi, anapiga goti, anatega sikio kwenye tundu la ufunguo kama mtu anayesikiliza umbeya wa ndani, anachokoachokoa na vijiwaya vyake viwili, na kabla hujamaliza kueleza ilikuwaje, mlango umeshakupisha.

Sasa mtazame asubuhi akitoka kwake. Mlango wake una kitasa kimoja kikubwa, kufuli mbili, komeo la chuma alilolibuni mwenyewe, na mnyororo wa baiskeli. Anafunga vyote vitano. Anatikisa. Anashika njia mpaka kwenye bomba la maji, hatua sitini hivi, anasimama kama aliyeitwa. "Narudi mara moja," anamwambia yeyote aliye karibu, na kama hakuna mtu anaiambia ndoo. Anarudi, anatikisa, anakwenda tena. Wanawake wa bombani walikuwa wakimpisha akienda, wakajaza ndoo ya kwanza wakampisha akirudi, wakajaza ya pili wakampisha akienda. Ndio waliompa jina, Fundi Narudi, na jina likamkaa kama shati la kushonesha.

Shida yake ilikuwa ya kifundi hasa. Mtu mwingine akiutilia shaka mlango wake huutikisa, ukigoma anaridhika. Yeye kutikisa hakukumtosha. Aliupima mlango kwa njia ya mwizi. Alitoa vijiwaya akajaribu kuufungua bila ufunguo, na kwa kuwa ni fundi, ukafunguka. Basi roho inaruka: kitasa kibovu hiki. Ananunua kingine kikali zaidi, anakipachika, anakijaribu, nacho kinafunguka. Miaka miwili alishindana na mikono yake mwenyewe, na kila mara mikono ikashinda. Mkewe alimwambia siku moja kwamba dunia nzima ina mtu mmoja tu anayeweza kuingia katika nyumba ile bila ufunguo, na mtu huyo analala humo humo.

Mkewe alikuwa karani wa maktaba. Kwa mazoea ya kazi hakupaza sauti hata akigomba. Aligomba kwa kunong'ona, na labda ndiyo maana maneno yake yalikuwa yanapenya.

Haya yote yalianza baada ya nyumba ya muuza viatu kuvunjwa. Fundi ndiye aliyekuwa amepachika kitasa cha pale. Wezi walipita juu, wakang'oa bati la jikoni wakashukia humo, na kitasa kilikutwa mlangoni kimekaa imara, hakijaguswa. Lakini muuza viatu, kwa uchungu wa viatu vyake, alisimama barabarani akauliza kwa sauti, "Fundi gani huyu?" Kesho yake alikuja kuomba radhi, wakapeana mikono. Radhi ilipokelewa na mkono. Lile swali lilikuwa limeshaingia kifuani likafunga mlango kwa ndani.

Tangu hapo kila jambo likaja na mkia wa "itakuwaje kama." Alichelewa kwa wateja. Alichelewa mazishi ya rafiki yake, akafika watu wananawa mikono. Alianza kupiga mlango picha kwa simu ili akiwa njiani ajihakikishie, hadi siku mkewe alipotafuta picha ya mtoto wao kwenye simu ile akakuta milango mia tatu na arobaini, yote ni mlango mmoja. Na picha nazo hazikusaidia, maana akifika bombani anajiuliza: hii ni ya leo au ya jana? Akawa anachana karatasi ya kalenda ya siku ile, anaishika mbele ya kitasa, anapiga picha, kama watekaji wanavyompiga picha mateka wao.

Mamamkwe wake aliyaona haya kwa macho yake. Kila akija kuwasalimu na kufika mlangoni pamoja na mkwewe, hukaa juu ya begi lake nje huku fundi akihangaika na kufuli moja baada ya nyingine. Mara tatu aliomba apewe ufunguo wake, mara tatu fundi akakataa kwa adabu zote: ufunguo wa ziada ni wasiwasi wa ziada. Mama yule akasema sawa, ila ajuavyo yeye, hata jela mgeni huingia haraka kuliko hivi.

Aliyeumia zaidi ni binti yao. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mikono mirefu, magoti yenye makovu, golikipa wa timu ya wasichana ya shule yake; nyumbani na mtaani akiitwa Kipa. Mwalimu wa michezo alikuwa na makipa wawili na hakutaka kumnung'unisha yeyote, kwa hiyo aliweka utaratibu usiobadilika: Kipa anadaka kipindi cha kwanza, mwenzake anadaka cha pili. Na fundi, kwa miaka miwili, hakuwahi kufika mechi yoyote kabla ya mapumziko. Kila alipofika, jasho linamtiririka, alimkuta binti yake benchi, taulo shingoni, anamenya chungwa. Alijua namna mwanawe anavyomenya chungwa. Namna anavyodaka mpira hakuijua.

Jioni moja wakiwa mezani, Kipa aliweka kijiko chini.

"Baba, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni fainali. Saa tatu kamili asubuhi."

"Nitakuja, mwanangu."

"Mwakani niko sekondari, huko sijui kama watanipa hata glavu. Nakuomba usimame nyuma ya goli langu tangu filimbi ya kwanza. Ukijua utakuja kipindi cha pili, bora usije kabisa. Chungwa naweza kumenya peke yangu."

Fundi alitaka kucheka, kwa sababu binti yake alikuwa na ulimi wa kuchekesha. Akamtazama usoni, akakuta hakuna kicheko. Akaapa atafika. Mkewe akanong'ona kwamba kuapa kwake anakujua, na kwamba kesho asubuhi watakwenda zahanati.

Hakukuwa na haja ya kumburuta. Kesho yake, kabla ya saa ya kwenda, akiwa amepiga goti mlangoni kwa mteja, moyo ulianza kumwenda mbio bila sababu, vidole vikafa ganzi, jasho jembamba likamtoka, akaamini anakufa pale pale na kijiwaya mkononi. Akapelekwa zahanati akiwa ameshamuusia mteja kuhusu kimkoba chake.

Aliyempokea ni sista wa makamo, miwani yake imening'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Akamsikiliza moyo, akampima presha, akamshika kiganja akahesabu mapigo: mia moja na kumi na mawili. Akamwambia moyo wenyewe ni mzima, unafanya tu kazi ya ziada. Fundi hakuwa akisikiliza vizuri. Alikuwa anautazama mlango wa chumba kile, ambao haukujifunga. Ulishikiliwa na kipande cha boksi kilichokunjwa mara nne.

"Unatazama nini?" sista akauliza.

Fundi akamweleza kwamba ulimi wa kitasa haufiki kwenye tundu lake kwa sababu fremu imekaa upande, kwamba watu wengi hukosea hapo wakanunua kitasa kipya, na kumbe ni skrubu mbili tu. Akaeleza kwa utulivu, kama mwalimu. Sista hakuwa ameachia kile kiganja. Akahesabu tena: sabini na nane.

"Vitasa vya watu havikutishi," akasema. "Kinachokutisha ni chako."

"Cha mtu nikikosea, natengeneza. Changu nikikosea..."

"Ehe. Ukikosea, itakuwaje?"

Hapo fundi alifunguka kuliko mlango wowote aliowahi kuufungua. Akamwaga yote kwa pumzi moja: wezi wanaingia, wanabeba kitanda, wanabeba vitabu vya mkewe, Kipa anatoka shule anakuta nyumba tupu, majirani wamejaa wanauliza fundi gani huyu. Alipofika mwisho, wezi walikuwa wameshang'oa mabati na kuchimba hata choo.

Sista hakumcheka. Alimwambia jambo lake linajulikana, na jina lake si wazimu: ni wasiwasi uliopita kiasi. Kila mtu kaumbwa na king'ora kifuani, na kisingekuwepo tungevuka barabara tumefumba macho. Chake hakijaharibika, ila kimekuwa chepesi mno. Jani likianguka kinalia, paka akipita kinalia. "Na kila kikilia ukarudi kutikisa mlango, unakiambia, ahsante, ulikuwa sahihi kulia. Kesho kinalia zaidi. Sasa niambie. Hofu ikikushika pale bombani, usiporudi, inachukua muda gani kutulia yenyewe?"

Fundi akafikiri sana.

"Sijui, sista. Sijawahi kuisubiri."

"Basi kaisubiri."

Akampangia. Vile vifungio vitano avistaafishe kimoja kimoja, abaki na kimoja kama binadamu wengine. Afunge mara moja. Aende. Asirudi, asipige picha, asichokoe na vijiwaya, asimuulize mkewe "hivi nimefunga?" maana kuuliza nako ni kurudi, ila umerudi kwa mdomo. Hofu ikija aitazame saa, asubiri, aandike ni dakika ngapi. Kila Jumanne aje wazungumze. Na kama haitoshi, hospitali kubwa kuna daktari wa mambo hayo na dawa zipo, wala hakuna aibu. Fundi akashukuru, akatoa bisibisi kwenye kimkoba chake mwenyewe, akamalizana na zile skrubu mbili. Alitoka zahanati amepona kidogo, na mlango wa sista umepona kabisa.

Kipa alipousikia mpango ule aliuchukua mzima mzima akaufanya wake. Kila jioni akitoka shule alimtoa baba yake mazoezini. Filimbi aliazima kwa mwalimu wa michezo. Kadi ya njano alikata kwenye boksi la sabuni, nyekundu kwenye jalada la daftari la zamani. Sheria zilikuwa fupi: baba anafunga, anatembea hadi bombani, anasimama. Akigeuza shingo, njano. Akipiga hatua kurudi, nyekundu, na nyekundu ilikuwa kuosha vyombo vya usiku peke yake.

Wiki ile ya kwanza vyombo havikuwahi kung'aa namna ile.

Jioni ya kwanza alisimama pale bombani dakika thelathini na moja. Kipa alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa akifanya hesabu zake za shule. Akilini mwa fundi mlango ulikuwa umeshafunguka wenyewe mara nne.

"Baba, shingo."

"Nilikuwa nanyoosha."

"Nyoosha upande wa huku. Njano."

Wanawake wa bombani nao wakaingia kwenye mchezo. Mmoja akawa anatangaza kama redioni: fundi yuko bombani, fundi ameshika kiuno, fundi amemeza mate, hatari langoni. Fundi akacheka, akashangaa kwamba alicheka, na alipotazama saa akaona hofu imeshuka wakati yeye hayupo kuiangalia.

Dakika ziliandikwa nyuma ya daftari la hesabu. Thelathini na moja. Ishirini na sita. Kumi na tisa. Zikapanda tena hadi arobaini ile siku alipomwona mtu asiyemjua akipita na ngazi begani. Mtu yule alikuwa fundi wa rangi, lakini ngazi ni ngazi, na mabati ya muuza viatu yakarudi yote kichwani. Siku hiyo alikula nyekundu mbili. Akamwambia sista Jumanne kwamba ameharibu kila kitu. Sista akamuuliza kama mwanawe akifungwa goli moja huwa anavua glavu na kwenda nyumbani. Fundi akajibu kwamba hajui, hajawahi kumwona akifungwa. Sista akavaa miwani yake, akasema basi hilo nalo ni jambo la kwenda kulitazama.

Mnyororo ukarudi kwenye baiskeli. Komeo likang'olewa. Kufuli zikaenda kuuzwa na nyingine kwenye meza yake ya kazi. Kufikia mwisho wa mwezi mlango ule ulikuwa na kitasa kimoja, na ulionekana mtupu kama mzee aliyevuliwa koti. Dakika zikafika saba.

Ikaja Jumamosi.

Kipa na mama yake waliondoka mapema, kwa sababu jezi za timu nzima zilifuliwa nyumbani kwao na mama mtu ndiye aliyezibeba. Fundi alitaka waondoke pamoja. Kipa akakataa. "Ukifunga mimi nipo, utakuwa umenitegemea mimi. Funga mwenyewe, uje mwenyewe." Akamwonyesha filimbi kisha akaiacha mezani, kama mtu anayeacha silaha yake kwa kumwamini adui.

Saa mbili na robo fundi alikuwa amevaa, amechana nywele, yuko nje. Kutembea hadi uwanjani ni dakika ishirini na tano. Akauvuta mlango, akatia ufunguo, na hapo hapo simu ikalia. Alikuwa mamamkwe, yuko njiani anakuja, anataka kujua kama wapo. Fundi akamwamkia, akamweleza habari za fainali, akamwomba aje moja kwa moja uwanjani. Mama akasema miguu yake haitaki uwanja, inataka kiti. Fundi akasema haya mama, karibu, sisi tutarudi saa tano, majirani watakupa pa kukaa. Akakata simu, akaitia mfukoni, akashika njia.

Alipofika bombani ndipo lilipomjia: hakumbuki kuuzungusha ule ufunguo.

Alikumbuka kuutia. Alikumbuka sauti ya mamamkwe na miguu yake. Kati ya hapo na hapa hamna kitu, kama karatasi iliyochanwa kwenye kalenda. Akapapasa mfuko wa suruali, funguo zikalia. Lakini mfuko wa fundi wa vitasa hulia siku zote. Mlikuwa na funguo arobaini za wateja humo, na mmoja ukipungua hakuna atakayeusikia ukikosekana. Angeweza kuzitoa na kuutafuta ule mmoja. Kidole kikaanza kuzichambua. Kisha akakumbuka: huko nako ni kurudi, ila umerudi kwa vidole. Akautoa mkono mfukoni kama aliyeungua.

Kifua kikaanza kugonga. King'ora kile kililia kwa sauti zake zote. Kichwani wezi wakapanga foleni, mmoja kwa adabu akimpisha mwenzake. Saa ilikuwa mbili na dakika ishirini. Akirudi, ni hatua sitini tu. Akirudi ataona, ataridhika, atakuja. Na atakapofika tena bombani?

Hilo swali alikuwa na jibu lake. Lilikuwa la miaka miwili.

Mwanamke mmoja alikuwa akijaza ndoo. "Leo hurudi, fundi?"

"Leo nachelewa," fundi akasema, ingawa alikuwa amewahi, na akapita.

Zile dakika ishirini na tano alizitembea kwa kumi na saba, si kwa haraka ya kufika, kwa woga wa kugeuka. Kila kona alijiambia, shingo. Mtu aliyekutana naye angedhani shingo yake imekakamaa. Alipopita duka la muuza viatu, muuza viatu mwenyewe akampungia mkono, na fundi akampungia huku macho yameganda mbele kama askari wa gwaride.

Akafika. Timu zilikuwa bado zinapasha misuli. Mkewe alipomwona aliangusha mfuko uliokuwa na jezi ya akiba, na kwa mara ya kwanza tangu waoane fundi akamsikia akipaza sauti. "Kipa! Tazama nyuma!"

Kipa akageuka. Baba yake alikuwa amesimama nyuma ya goli, amezishika nyavu kwa mikono miwili, amelowa chapachapa, mzima. Msichana alivuta glavu zake zikakaza, akatazama katikati ya uwanja, lakini fundi aliona masikio yake yamesogea nyuma kwa tabasamu ambalo hakutaka lionekane.

Filimbi ikalia.

Kumbe ndivyo anavyodaka. Kumbe huwa anaongea peke yake. Kumbe hupiga miguu chini mara mbili kabla ya kona, hutema mate kwenye glavu, huwafokea mabeki wakubwa kumzidi nao wanamtii. Alirukia mpira wa kwanza akaanguka nao kifuani, na fundi akaanguka naye nyuma ya nyavu. Wa pili aliupangua kwa ngumi. Wa tatu ulimpita.

Ulikuwa mpira mwepesi. Ulidunda mbele yake, ukamdanganya, ukapita kati ya mikono na goti ukaingia taratibu kama mgeni aliyealikwa. Upande wa pili wakashangilia. Fundi akazikaza nyavu mikononi. Fundi gani huyu, akasikia, ila safari hii swali lilimwendea mwanawe, na alitamani kuingia uwanjani akamfunike.

Kipa aliinuka. Akajipangusa goti. Akaenda wavuni, akaokota mpira, na kwa kuwa uso wake ulikuwa karibu na wa baba yake, akamwona alivyopauka.

"Baba, umeona? Limeingia," akasema, kwa sauti ya mtu anayesema mvua imenyesha. Akaupiga mpira kurudi katikati, akatema mate kwenye glavu, akasimama.

Akadaka mingine minne kabla ya mapumziko. Wenzake nao wakasawazisha. Mpaka refa anapuliza, fundi hakuwa na kucha. Kipa akaja na taulo na chungwa lake, akalikata nusu akampa baba yake. Walikuwa wameshalila fundi alipotulia ghafla na ganda mkononi.

"Mlango," akasema.

"Ulikuwa umeusahau?"

"Tangu lile goli."

Kipa akatazama saa ya mama yake. "Dakika ishirini na mbili. Hiyo itaandikwa." Wakakaa kipindi cha pili kizima, na yule kipa mwenzake akadaka vizuri, na mwishoni wakashinda kwa goli la kisigino ambalo mfungaji mwenyewe hakulielewa.

Walirudi watatu, kombe likiwa limebaki shuleni na kelele zimekuja nao. Walipokata kona ya bomba, fundi akaona kwa mbali.

Mlango ulikuwa wazi. Haukuvunjwa wala kuchokolewa. Ulikuwa wazi kwa ustaarabu, na ufunguo wake ulikuwa unaning'inia kwa nje, kwenye tundu, na kile kitambaa chekundu alichoufunga usipotee kikipepea kama bendera.

Basi lile lililomkimbiza miaka miwili lilikuwa limetokea. Siku moja aliyokataa kurudi ndiyo siku aliyotakiwa kurudi. Mkewe akamshika kiwiko. Kipa akatangulia, akachungulia, akageuka huku kaziba mdomo kwa glavu.

Ndani, kwenye kiti cha fundi, alikuwa amekaa mamamkwe. Amevua viatu, ameweka miguu juu ya kigoda, kikombe cha chai mkononi. Chumba kilikuwa kimefagiliwa.

"Mkwe wangu," akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa kweli. "Miaka yote hii leo ndiyo umenikaribisha. Umejua miguu inaniuma, umeniachia ufunguo mlangoni. Sikutegemea."

Fundi akafungua mdomo. Alikuwa mtu mkweli na ukweli ulikuwa ulimini: mama, nilisahau, nyumba ilikuwa wazi, angeweza kuingia yeyote. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa anatazama dari, midomo imebanwa, mabega yanatikisika. Akauangalia ule mlango wazi, kitanda kipo, vitabu vipo, mabati yapo. Kipa akachomoa ufunguo tunduni, akauweka kwenye kiganja cha baba yake, akakikunja kile kiganja juu yake.

"Limeingia, baba," akanong'ona kama mama yake. "Rudisha mpira kati."

Fundi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi chini sakafuni, na mamamkwe akauliza kuna nini, na hakuna aliyeweza kumjibu. Alipopata pumzi alimweleza yote, tangu simu yake hadi bombani. Mama akasikiliza, akanywa chai, akasema kwamba kusahau au kukumbuka, yeye ameshakaa, na ombi lake la mara tatu sasa ni la mara ya nne.

Jumatatu, kwenye meza yake ya kazi, fundi alichukua ufunguo mbichi akaubana, akauchonga meno taratibu kwa tupa, akaulinganisha na wake kwenye mwanga, akaupiga msasa. Akaumaliza. Mamamkwe akaupokea kama nishani, akautia kwenye kamba akauvaa shingoni.

Alhamisi yake, fundi akiwa kazini na kufuli ya mtu imefumuliwa mbele yake, simu ikalia.

"Mwanangu," mama akasema, anahema. "Nimetoka kwenu sasa hivi. Nimefika hapa bombani. Hivi nimefunga kweli? Nirudi?"

Kifuani mwa fundi king'ora kikajaribu sauti yake, kwanza chini, kisha juu. Toka hapo alipo hadi nyumbani ni dakika sita kwa miguu, nne akikimbia. Akaitazama saa ya ukutani. Akachukua penseli, akaandika muda pembeni mwa meza.

"Mama," akasema, "endelea kutembea."